Kaseti mbili za Emerald, ujumbe mmoja wa betri: ipi ni feki?

*“Habari fundi. Mdogo wangu anatimiza miaka 30 mwezi ujao. Nilipokuwa nasafisha chumba cha chini nyumbani kwa mama, hapa Columbus, Ohio, nilikuta Game Boy Advance SP yake, mashine ya michezo ya mkononi, na kaseti mbili za michezo yake ya utotoni: Pokémon Emerald na Pokémon Silver. Emerald ikiwaka inaandika kwamba betri ya ndani imekwisha. Silver haina kitu, inataka nianze mchezo mpya, na nikihifadhi kisha nikazima, inasahau kila kitu. Nikadhani zimekufa, nikaagiza Emerald nyingine mtandaoni kwa dola 28, ‘mpya, kwenye boksi lake’. Imefika inang’aa, jina la mtengenezaji, Nintendo, linatokea vizuri ikiwaka, lakini nayo inatoa ujumbe uleule wa betri! Mwenzangu kazini anasema ujumbe huo ndio alama ya feki, kwa hiyo zote ni feki. Muuzaji anasema ni betri tu. Nitupe ipi, nimpe ipi? Na nikibadilisha betri, mchezo wake wa zamani utafutika?”*

Dada yangu, usitupe kitu chochote bado. Na kabla hujasoma zaidi, nakuomba jambo moja kuhusu Emerald ya mdogo wako: usianze mchezo mpya ukauhifadhi. Kaseti ile inabeba mchezo wa mtu mmoja tu. Itakuuliza kama una hakika, na ukikubali, kazi aliyoifanya akiwa na miaka kumi inafutwa na hairudi.

Kwa ulivyoeleza, naamini Emerald ya zamani ni halisi na saa yake ndiyo iliyozimika. Silver pia nadhani ni halisi, ila betri yake imekufa, na kwa Silver hilo lina madhara makubwa zaidi. Hiyo ya dola 28 sina imani nayo hata kidogo. Lakini mimi sijazishika mkononi, na kwenye kazi hii kinachoamua ni bodi iliyo ndani, ule ubao unaobeba chipu. Kwa hiyo nitakueleza jinsi ya kuhakikisha mwenyewe.

Tuanze na huo ujumbe. Ndani ya Emerald kuna saa ya kweli: chipu ndogo ya Seiko iitwayo S-3511A, kristali yake ya kupigia mapigo, na betri ya kidonge aina ya CR1616 inayoifanya itembee hata kaseti ikiwa kabatini. Mchezo unaitumia saa hiyo kujua matunda uliyopanda yamefika wapi, au kama maji ya pango la baharini yamejaa au yamekupwa. Kila ukiwasha, mchezo unaiuliza chipu saa ngapi. Usipopata jibu la maana, ndipo unaandika kwamba betri ya ndani imekwisha, kwamba mchezo bado unachezeka, ila mambo yanayofuata saa hayatatokea tena.

Sasa, jibu linaweza kukosekana kwa njia mbili. Saa ipo lakini betri yake imeisha, au saa haikuwekwa kabisa. Emerald iliingia sokoni Marekani mwaka 2005, na betri ndogo kama ile haidumu miaka ishirini, kwa hiyo kaseti halisi ya umri huo kutoa ujumbe ni jambo la kawaida kama mvi. Wanaotengeneza feki, kwa upande wao, mara nyingi huacha chipu ya saa na kristali ili kupunguza gharama, na kaseti yao inalalamika betri tangu siku ya kwanza. Mwenzako ameshaziona hizo, ndiyo maana anasema hivyo, na kwa kaseti inayouzwa kama mpya ana haki ya kushtuka. Kosa lake ni kuhukumu kaseti ya zamani kwa alama hiyohiyo. Ujumbe peke yake haukwambii ipi ni ipi.

Muuzaji naye amekwambia neno ambalo lingeweza kuwa kweli. Hata Emerald halisi ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi ingekuwa na betri iliyochoka leo. Ila Emerald halisi ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi haiuzwi dola 28. Kaseti hizi hazitengenezwi tena, na Emerald iliyotumika, bila boksi, lebo imechubuka, kwa miaka ya karibuni inauzwa Marekani kwa zaidi ya dola 100. Boksi jipya kwa dola 28 limetoka kiwandani juzi, na kiwanda chenyewe si cha Nintendo.

Kuhusu jina la Nintendo kutokea vizuri ukiwasha: hili linawapotosha watu wengi, na inafaa ulielewe vizuri. Game Boy ya kwanza ya mwaka 1989 ina programu ndogo sana ya kuwashia, baiti 256 tu, na moja ya kazi zake ni kusoma mchoro wa neno Nintendo kutoka kwenye kaseti yenyewe. Mchoro huo ni baiti 48. Mashine inauonyesha kwenye kioo, kisha inaulinganisha na nakala iliyo ndani yake. Ukitofautiana hata kidogo, inaganda hapohapo. Game Boy Advance inafanya kazi ileile kwa mchoro mrefu zaidi, baiti 156. Shabaha ilikuwa ya kisheria: kampuni yoyote inayotaka kaseti yake iwake italazimika kunakili alama ya biashara ya Nintendo, na kwa kunakili itakuwa imejiweka mahali pa kushtakiwa. Mtu anayechapa lebo za Pokémon bila ruhusa hana hofu hiyo. Ananakili kaseti nzima, na mchoro ukiwemo. Kwa hiyo jina likitokea safi, umejua tu kwamba mashine inaisoma kaseti. Na likitokea limekatikakatika au kisanduku cheusi kitupu, mara nyingi ni uchafu kwenye meno ya shaba, na nimeona kaseti halisi kabisa zikitupwa kwa sababu hiyo.

Haya, chukua kaseti zote mbili za Emerald, kaa karibu na dirisha au taa kali, uziweke ubavu kwa ubavu. Una bahati ambayo wengi hawana: unazo mbili za kulinganisha.

Lebo kwanza, ingawa naipa uzito mdogo. Tafuta msimbo mdogo uliochapwa chini. Emerald ya Marekani inaandikwa AGB-BPEE-USA. Feki nyingi hukosea hapa, kwa sababu mtu mmoja hutengeneza lebo za michezo kumi na kusahau kubadilisha msimbo. BPRE, kwa mfano, ni ya FireRed, mchezo mwingine wa Pokémon, na ukiikuta kwenye lebo ya Emerald huna haja ya kuendelea. Kisha igeuze lebo taratibu mpaka mwanga uilambe kwa pembeni. Kwenye kaseti halisi kuna tarakimu mbili, mara nyingine pamoja na herufi, zilizogandamizwa kwenye karatasi ya lebo bila wino. Hutaziona ukitazama moja kwa moja. Zikikosekana, tia shaka. Zikiwepo, usishangilie bado, maana siku hizi kuna feki zinazogandamizwa namba pia. Na lebo na maganda ya plastiki huuzwa peke yake: kuna watu huvisha bodi halisi ganda jipya kwa sababu la kwanza lilivunjika, na kuna wanaovisha bodi feki ganda la zamani ili wauze ghali. Ndiyo maana nasema kinachoamua ni bodi.

Igeuze kaseti sasa, uchungulie kwenye mdomo wake pale meno yanapoonekana. Juu tu ya meno, kwenye bodi ya kaseti halisi ya Game Boy Advance, neno Nintendo limechapwa kwa herufi safi. Hii ndiyo alama nzuri kuliko zote unazoweza kuipata bila kufungua kitu. Kwenye feki nafasi hiyo aghalabu ni tupu, au neno lipo lakini herufi zimenenepa na kuvurugika, kama mhuri uliopigwa mara mbili. Meno yenyewe pia yanasema: ya halisi yamelala kwa nafasi sawa na kingo zimekatwa vizuri.

Emerald ina zawadi nyingine: ganda lake ni la kijani linalopitisha mwanga. Liweke mbele ya tochi ya simu. Kwenye ile ya mdogo wako unatakiwa kuona kivuli cha mviringo, ndiyo betri, na vivuli vya chipu kadhaa vya mraba vilivyopangwa kwa adabu. Kwenye ya pili huenda ukaona bodi fupi isiyojaza ganda, au tone kubwa jeusi la gundi, ambalo ndilo watengenezaji wa bei rahisi hutumia kufunika chipu isiyo na jina. Usihukumu kwa betri pekee, kwani baadhi ya feki zina betri pia, kwa kazi nyingine nitakayokueleza.

Ukitaka kumaliza ubishi, zifunguliwe. Skrubu ya kaseti za Advance ina mabawa matatu, kama herufi Y; kwa kaseti za Game Boy za awali, kama Silver, ni skrubu maalumu ya milimita 3.8 inayoshikwa kwa bisibisi yenye tundu. Skrubu ya msalaba ya kawaida kwenye kaseti uliyouziwa kama mpya inatosha kudai fedha zako. Bisibisi zote mbili ni za bei ndogo, lakini kama hujawahi, peleka duka la michezo ya zamani na uombe wafungue mbele yako. Ni kazi ya dakika mbili. Ndani ya Emerald halisi utaikuta chipu kubwa ya mchezo, chipu ya kuhifadhia, ile ya saa pamoja na kristali yake, na betri iliyochomelewa kwa vibati vidogo, zote zikiwa na maandishi yanayosomeka.

Huenda ukasema: kama feki inacheza, tatizo liko wapi? Liko kwenye kuhifadhi, na hapa ndipo watu wanapolia. Emerald halisi huandika maendeleo ya mchezaji kwenye chipu ya flashi ya kilobaiti 128, kumbukumbu isiyohitaji umeme kubaki na kitu. Inaandika nakala mbili kwa zamu, leo huku, kesho kule, ili umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, ile ya jana iwepo. Feki za bei rahisi hazina chipu hiyo. Aliyeitengeneza ameichokonoa programu ya mchezo ili iandike kwenye kumbukumbu nyingine, mara nyingi ya aina inayosahau bila umeme, kisha akaweka betri ndogo ya kuishikilia. Betri hiyo ikiisha, au kaseti ikitikiswa vibaya, kila kitu kimekwenda. Nyingine huandika vizuri kwa wiki kadhaa, kisha zinashindwa pale mchezaji anapowashinda mabingwa wa mwisho, kwa sababu mchezo unataka kuandika orodha ya washindi kwenye eneo jingine la kumbukumbu, na eneo hilo halikuwekwa. Mtoto amecheza saa arobaini, ameshinda, anawasha kesho yake hana kitu. Nimepokea watoto wa namna hiyo dukani na sina la kuwapa.

Jambo hilohilo linatupa kipimo kingine. Kuna vifaa vya kuchomekea kaseti kwenye kompyuta, kama GBxCart RW au GB Operator, vinavyosoma mchezo wote na kuulinganisha na nakala inayojulikana. Programu iliyochokonolewa inajitokeza mara moja. Duka zuri la michezo ya zamani lina kifaa cha namna hiyo.

Sasa Silver, ambayo umeiita imekufa. Hiyo ni ya kizazi cha nyuma, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 2000, na inahifadhi kwa namna nyingine kabisa. Haina flashi. Ina kumbukumbu ya kawaida inayosahau umeme ukikatika, na betri ya CR2025 inayoishikilia usiku na mchana. Betri hiyohiyo inaendesha saa ya mchezo, kwa hiyo inabeba mizigo miwili na kuisha mapema. Tabia uliyoiona, kuhifadhi kisha kusahau ukizima, ndiyo hasa tunayoitegemea kwa Silver halisi ya miaka hii. Thibitisha kwa msimbo wa DMG-AAXE-USA na kwa skrubu niliyoitaja. Kinachoniuma ni kukwambia kwamba mchezo aliokuwa ameuhifadhi mdogo wako humo ulipotea siku betri ilipoisha, pengine miaka mingi iliyopita, na hakuna fundi wa kuurudisha. Betri mpya itaifanya ihifadhi tena kuanzia hapo.

Kwa Emerald jibu ni tofauti, na nimefurahi kukuandikia hili: kubadilisha betri hakufuti mchezo. Betri ni ya saa tu. Maendeleo yake yako kwenye flashi. Ukiwasha na kukuta chaguo la kuendelea, pale pataonyesha jina alilojipa, saa alizocheza na beji alizoshinda. Kama vipo, mchezo wa mwaka 2005 au 2006 uko hai mpaka leo, na hiyo nayo ni ishara nzuri ya uhalisi, kwani feki ya enzi ile isingefika umbali huo kirahisi.

Je, ubadilishe betri? Kwa Silver, ndiyo, bila hiyo haina matumizi. Kwa Emerald mimi ningesubiri. Inachokosa ni matunda na maji ya pangoni, basi. Na kuna usumbufu: saa mpya huanza kuhesabu upya, wakati mchezo uliohifadhiwa unakumbuka siku nyingi zilizokwisha kupita, kwa hiyo mambo ya saa yanaweza kubaki yameganda hata baada ya betri mpya. Kilicho muhimu zaidi kuliko betri ni nakala. Flashi nayo inazeeka. Waombe wenye kile kifaa cha kusomea wakutolee faili la mchezo wake, ulihifadhi kwenye kompyuta na mahali pengine pia. Hilo lifanyike kabla mtu yeyote hajaisogelea kaseti na pasi ya kulehemu.

Na pasi hiyo isishikwe na mtu anayejifunza. Betri hizi ni za lithiamu. Ukizichoma moto moja kwa moja zinaweza kupasuka usoni. Kinachotakiwa ni betri yenye vibati vyake tayari, ichomelewe kwa vibati. Ukiona mtu anataka kuishikilia kwa selotepu, chukua kaseti yako uondoke. Itashika mwezi mmoja, kisha Silver isahau tena. Fundi mzuri wa simu anaiweza kazi hii ukimwonyesha aina ya betri na upande wa chanya.

Kuhusu dola 28: piga picha za meno, za lebo karibu sana, na za bodi ikiwa imefunguliwa, umtumie muuzaji na mtandao uliomlipa ndani ya muda wao wa malalamiko. Sema wazi kwamba bidhaa ni bandia. Usiseme tu kwamba betri imeisha, maana watakutumia nyingine ileile. Wakirudisha fedha na kukuachia kaseti, watoto wanaweza kuichezea ilimradi wajue isiaminiwe kuhifadhi kitu. Lakini tafadhali usiiuze wala kuitoa kwenye mnada wa misaada bila kusema ni nini, kwa sababu mtu mwingine ataandika swali kama lako.

Zawadi ni ile ya zamani. Safisha meno yake kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke. Usipulize kwa mdomo kama tulivyofanya utotoni. Mate huleta kutu. Lebo iliyochubuka iache ilivyo, nadhani ataitambua kwa michubuko hiyo. Na kabla hujaichaji tena SP yenyewe, fungua kifuniko kidogo cha nyuma uitazame betri yake: kama imevimba, itoe, ipeleke mahali wanapopokea betri chakavu, na uagize nyingine, kwa sababu mwezi mmoja unatosha ifike.